Kuazima Maneno Matombo

Barabara inayotoka Bigwa, pembeni mwa mji wa Morogoro, hupita Mkuyuni, ikafika Matombo, kisha ikaendelea kuelekea Mvuha na Kisaki. Mgeni wa pwani anayeshuka Matombo kwa mara ya kwanza hulitamka jina la mahali hapo kwa sauti ya chini, au hulikwepa kabisa, kwa sababu masikioni mwake mzizi wa neno hilo ni tusi zito. Mwenyeji hana sababu ya kuona haya. Kwa Kiluguru matombo ni matiti, na mahali pameitwa hivyo kwa ajili ya miamba miwili inayoonekana mlimani kama kifua cha mama. Msomaji wa kamusi naye atakumbuka kwamba Kiswahili kina ndege aitwaye tombo, mdogo, wa jamii ya kwale. Sauti ni moja, na watu watatu wamesikia mambo matatu.

Nimeanza na jina hili kwa sababu linaonyesha jambo ambalo tunalisahau tunapowacheka vijana wetu kwa Kiingereza chao. Anayechanganya maneno mara nyingi amesikia sawasawa. Amelisikia neno jipya kwa sikio lililolelewa na lugha nyingine, na lugha hiyo ina taratibu zake. Mwanafunzi wa Matombo anapoandika Kiingereza chenye kasoro, kasoro zake zina mpangilio. Zinarudi pale pale mwaka hadi mwaka, kwa sababu zinatoka katika sarufi ya Kiswahili. Mwalimu anayeijua sarufi hiyo anaweza kuzitabiri kabla daftari halijafunguliwa.

Hali ya shule yenyewe inafahamika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara amesoma hesabu, sayansi na historia kwa Kiswahili, na Kiingereza kikawa somo moja miongoni mwa mengine. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mtoto wa Matombo mara nyingi ana Kiluguru cha bibi nyumbani, Kiswahili cha uwanjani na darasani, halafu ndani ya muhula mmoja anatakiwa aeleze usanisinuru kwa lugha ya tatu.

Chukua kitenzi kuazima. Mwanafunzi anataka kalamu ya mwenzake, anamwambia, "Borrow me your pen." Mwalimu anakata kwa wino mwekundu na kuandika "lend" juu yake. Hapo somo limeisha, na kosa litarudi wiki ijayo, kwa kuwa mwanafunzi hakuambiwa limetoka wapi. Limetoka katika Kiswahili fasaha kabisa. Sisi husema "niazime jembe" tukimaanisha nipe nitumie nikurudishie, na husema "nimeazima jembe kwa jirani" tukimaanisha nimelichukua kwake kwa muda. Kitenzi ni kile kile, na kamusi zinakubali maana zote mbili. Anayetoa na anayepokea hujulikana kwa viambishi na kwa neno "kwa", wala hatuhitaji vitenzi viwili. Kiingereza kimechagua njia nyingine: kimempa anayetoa kitenzi chake, "lend", na anayepokea chake, "borrow". Aliyezoea njia ya kwanza lazima ajikwae katika ya pili mpaka mtu amwonyeshe kwamba njia ni mbili.

Na namna ya kumwonyesha ipo ndani ya Kiswahili chenyewe. Ikija habari ya fedha, hakuna mtoto anayechanganya. Anajua mama yake amekopa VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, na VICOBA imemkopesha mama. Hajawahi kusema mama amekopesha huku akimaanisha amechukua. Basi mwambie hivi: "borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha, na Kiingereza huvitumia hivyo hivyo kwa fedha, kwa jembe na kwa kalamu. Dakika mbili zinatosha. Kisha mpe sentensi kumi za sokoni, za mananasi na za nauli ya basi, azigeuze.

Ile "-sh-" ya kukopesha ni kauli ya kutendesha, na ndiyo ufunguo wa jozi nyingine zinazosumbua. Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". Mwanafunzi anayeandika "Remember me to buy salt" amedhani kwamba Kiingereza, kama Kiswahili, kina shina moja linalobeba kazi zote mbili. Katika Kiswahili kiambishi kidogo tu hugeuza mwenye kumbukumbu akawa mwenye kumtia mwingine kumbukumbu. Katika Kiingereza, kwa maneno ya kila siku kama haya, mara nyingi inabidi kutafuta neno jingine zima. Mtu akiligundua hili mara moja, ataanza mwenyewe kuuliza kila akikutana na kitenzi kipya: je, hiki ni cha mtenda au cha mtendesha?

Jozi ya "learn" na "teach" inastahili kutazamwa kwa utulivu. Kiswahili husema kujifunza, na ukilichambua neno hilo unakuta "ji" ya mtu mwenyewe na "funza", yaani kumpa mtu maarifa. Kwa Mswahili, kujifunza ni kujipa mafunzo. Kufunza na kujifunza vinatoka katika shina moja. Si ajabu basi kijana akisema "My brother learned me how to swim." Wengi hawajui kwamba Waingereza wenyewe walisema hivyo kwa karne nyingi. Shakespeare, katika tamthilia yake The Tempest, amempa Caliban kitenzi "learn" kwa maana ya kufundisha, na hadi leo ziko lahaja za Uingereza zinazoendelea nacho. Kiingereza sanifu cha sasa kinakikataa, na katika mtihani kitakatwa, kwa hiyo mwanafunzi na ajue kwamba "teach" ni ya anayetoa na "learn" ni ya anayepokea. Lakini mwalimu anayejua historia hii hatamwita mtoto mjinga kwa kutumia neno kama alivyolitumia Shakespeare.

Liko kosa ambalo linaweza kumgharimu mtu zaidi ya alama za mtihani. Kijana ameporwa au ameibiwa simu, anaandika "They stole me." Mwingereza akiisoma sentensi hiyo ataelewa kwamba kijana mwenyewe ndiye aliyebebwa. Asili yake ni "wameniibia", kauli ya kutendea, ambayo kwa ile "-i-" yake humleta aliyepatwa na hasara karibu na kitenzi. "Steal" haiwezi kazi hiyo. Yambwa yake ni kitu: "They stole my phone." Mtu anayetaka kumtaja aliyepatwa husogea kwenye "rob": "They robbed me." Hapa ndipo pa hatari. "Rob" si kuibia tu. Ndani yake mna nguvu au vitisho, na katika sheria ndiyo unyang'anyi. Kiswahili kinavitenga vizuri wizi na unyang'anyi, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inavitenga pia: unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kwa mlalamikaji wa kijijini hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo maandishi mengi ya kisheria tuliyorithi ni ya Kiingereza, na maelezo ya mtu yanaweza kutafsiriwa. Anayetafsiri "aliibiwa" kwa neno "robbed" bila kuuliza kama palikuwa na kisu au kipigo, amebadilisha kesi.

Kushinda nako kuna mtego wake. Mtibwa Sugar, timu ya soka ya mkoa huu huu wa Morogoro, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na tena mwaka 2000. Kijana akitaka kulisimulia hilo huandika kwamba Mtibwa "won" timu fulani, kwa sababu Kiswahili hushinda mechi na hushinda mpinzani kwa kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza mechi, kombe na ubingwa ndivyo vinavyokuwa "won". Mpinzani huwa "beaten". Ukisema "Mtibwa won Simba" umesema kwamba timu ya Simba ilikuwa zawadi.

Halafu kuna kusikia. Kiswahili hapa ni kipana kwa namna ninayoipenda sana. Tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia baridi ya asubuhi inayoshuka kutoka msituni, tunasikia harufu ya karafuu na mdalasini zikianikwa uani. Hisia hizi zote zinaingia mlango mmoja. Kiingereza kimegawa milango: "hear" kwa sikio, "feel" kwa ngozi na moyo, "smell" kwa pua. Mwanafunzi anayeandika "I hear cold" anatafsiri kwa uaminifu. Mwulize swali moja tu kabla hajaandika: kilichopokea ni kiungo gani? Akijibu sikio, pua au mwili, kitenzi kimeshapatikana.

Majina ya vitu yana shida kama hiyo. Mkono wetu huanzia begani ukaishia vidoleni; Kiingereza kinaukata kwenye kifundo cha mkono, sehemu moja "arm" na kiganja pamoja na vidole vyake "hand". Mguu vivyo hivyo, "leg" na "foot". Kidole cha mkononi ni "finger", cha mguuni ni "toe". Haya hujifunzwa upesi kwa kugusa.

Neno tuta lina historia nzito zaidi katika milima hii. Mkulima wa Matombo huita tuta palipopandwa viazi, dereva huita tuta kinundu kinachompunguzia mwendo barabarani, na wakoloni wa Kiingereza walipotaka miteremko ya Uluguru ichongwe ngazi ili kuzuia mmomonyoko, ngazi hizo nazo zikaitwa matuta. Kiingereza kina maneno matatu: "ridge", "bump" na "terrace". Tofauti ya tuta la viazi na tuta la ngazi wananchi waliijua kwa mgongo, kwani la pili lilidai kazi nyingi ya lazima na lilifukua udongo usio na rutuba ukakaa juu. Mwaka 1955 wakulima wa Uluguru waliandamana na kuukataa mpango huo, pakatokea ghasia na kifo, na serikali ya kikoloni ikauacha. Kijana anayeandika insha ya historia kwamba babu zake walikataa "ridges" amewaonea wazee wake. Matuta ya mazao hawakuwa na ugomvi nayo. Walichokataa ni "terraces", na neno sahihi hapo linalinda ukweli wao.

Lazima niseme pia kwamba si kila mara Kiingereza ndicho chenye maneno mengi. Andika "my uncle gave me a farm" halafu jaribu kuirudisha kwa Kiswahili. Ni mjomba? Ni baba mdogo? Ni baba mkubwa? Au ni mume wa shangazi? Kiingereza kimewatia wote katika kapu moja. Kwa Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ana sauti katika mambo ya ukoo na ardhi ambayo baba mdogo hana. Shamba la mjomba na shamba la baba mdogo ni habari mbili tofauti, zenye madai mawili tofauti. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuandika vizuri asiridhike na "uncle". Aandike "my mother's brother". Ni Kiingereza safi, na kinabeba kile ambacho kwao kina maana. Ninamwomba mwalimu anayesahihisha asikate maneno hayo kwa madai kwamba ni marefu.

Makosa ya sauti ni kundi jingine. Kiswahili kina irabu tano, zinazotamkwa wazi na kuandikwa kama zinavyotamkwa. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini ukihesabu na zile za mwambatano, zote zikigombania herufi hizo hizo tano. Kwa sikio letu "live" na "leave" ni neno moja, "fill" na "feel" ni neno moja, na "hat", "hut", "heart" na "hurt" huishia kwenye "a" ile ile. Ndiyo maana unakuta barua ya kuomba kazi imeandikwa "I am leaving in Matombo". Sikio likishindwa, sarufi inaweza kusaidia. Anayekaa mahali hukaa ndani yake, ndiyo "live in". Anayeondoka hahitaji "in" yoyote: "I leave Matombo". Ukiiona "in" ikifuatwa na jina la mahali, andika "live".

Vitabu vingi vya maneno yanayochanganywa vilivyoandikwa Uingereza na Marekani huanza na "their" na "there", "its" na "it's", "lose" na "loose". Vimetungwa kwa ajili ya mtu aliyekisikia Kiingereza tangu utotoni ndipo akakisoma. Tatizo lake ni kwamba maneno yanayosikika sawa au karibu sawa yameandikwa tofauti. Mtoto wetu amekutana na maneno hayo ubaoni kwanza, macho yakitangulia masikio, na tatizo lake la kwanza ni maana. Kumpa kitabu cha mtoto wa Manchester ni kumtibu ugonjwa usio wake. Tunahitaji orodha yetu, iliyoanzia kwenye kuazima.

Hata hivyo jozi moja ya tahajia imetuingia sote, na ukipita mtaa wowote wa Morogoro utaiona kwenye mabango ya maduka ya kalamu, karatasi na fotokopi. Sisi tunasema steshenari na hatukosei. Fundi wa bango ndiye huandika "STATIONARY", ambalo maana yake ni kitu kisichosogea. Bidhaa za kuandikia ni "stationery", kwa "e". Asili ya maneno yote mawili ni moja. Katika vyuo vikuu vya Ulaya ya zamani muuza vitabu na karatasi aliyekuwa na kibanda cha kudumu aliitwa kwa Kilatini "stationarius", kumtofautisha na mchuuzi anayetembea. Tahajia zilitengana baadaye. Kwa kukumbuka, tazama mwisho wa "paper": ni "er", na duka la karatasi nalo lina "er".

Ziko pia zile jozi za chuoni: "advice" na "advise", "practice" na "practise", "effect" na "affect". Wasomi hujikwaa hapa mpaka kwenye tasnifu. Ukizipeleka kwa Kiswahili zinajieleza zenyewe: ushauri na kushauri, mazoezi na kufanya mazoezi, athari na kuathiri. Upande mmoja nomino, upande mwingine kitenzi. Katika jozi mbili za kwanza nomino huchukua "c", kitenzi huchukua "s". Na katika jozi ya mwisho nomino kwa kawaida huanza na "e", kitenzi na "a". Wamarekani huandika "practice" kwa yote mawili, na anayesoma vitabu vyao asidhani kwamba ni kosa la mpiga chapa.

Katika mifano yote hii, kilichofafanua Kiingereza ni Kiswahili, na bado zipo shule ambazo mtoto akisikika anasema Kiswahili ndani ya uzio huadhibiwa. Hufagia uwanja, hubeba kibao shingoni, husimama mbele ya mstari. Nia yaweza kuwa njema. Matokeo ni kwamba mtoto hujifunza kunyamaza, na aliyenyamaza hachanganyi maneno kwa sababu hasemi neno. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari kuanzia 1985, serikali haikutekeleza. Sera ya elimu ya mwaka 1995 ilikibakiza Kiingereza. Sera ya mwaka 2014 ilizipa lugha zote mbili nafasi ya kufundishia. Mjadala huo ni mpana kuliko makala haya. Ila hakuna sera yoyote kati ya hizo inayomzuia mwalimu wa Kiingereza kusimama mbele ya kidato cha kwanza akaeleza kauli ya kutendesha kwa Kiswahili ili "remind" ieleweke.

Kujifunza lugha moja kwa kupitia nyingine si jambo geni hapa. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliokuja Matombo mwishoni mwa karne ya 19 walitoka Ulaya isiyosema Kiingereza, na baadaye wakafuatwa na Waholanzi. Walijifunza Kiluguru na Kiswahili kwa kulinganisha na lugha za mama zao. Mmoja wa shirika hilo hilo, Charles Sacleux, aliyefanya kazi Bagamoyo na Zanzibar, alitunga kamusi ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa Paris mwaka 1939, na wataalamu wa Kiswahili bado wanaifungua. Hakuna aliyewaambia wasahau Kifaransa ndipo wajue Kiswahili.

Mwalimu wa kidato cha kwanza, iwe ni Matombo, Mkuyuni au Mvuha, ninakuomba jambo moja kwa muhula ujao. Usianze na "borrow". Andika ubaoni "niazime" na "nimeazima", waache wanafunzi wakueleze kwa Kiswahili nani katoa na nani kapokea, na wakishakubaliana wote, ndipo uwape "lend" na "borrow".